Meza ya Marumaru na Haki za Nyumba

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetujaalia makazi ya kupumzikia na akatupa vyombo vya kutumia humo kwa muda aliotukadiria. Tunamshukuru kwa neema zake zilizo dhahiri na zilizofichika. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na Masahaba zake, na kila aliyefuata mwenendo wao kwa wema hadi Siku ya Malipo.

Amma baad. Ndugu Waislamu, tunakuusieni pamoja na nafsi zetu kumcha Mwenyezi Mungu katika makubwa na katika madogo. Na madogo tumeyataja kwa makusudi, kwani wengi wetu humkumbuka Mola wao msikitini na makaburini, kisha wanapoingia dukani husahau kwamba kwa jambo hilo nalo wataulizwa. Leo tutazungumza juu ya kitu ambacho huenda mtu akakiona kidogo mno kutajwa katika mimbari. Nacho ni meza fupi ya sebuleni yenye uso wa jiwe la marumaru, ambayo siku hizi imeenea katika maduka ya samani ya mji wetu. Je, inafaa kuingizwa nyumbani mwako, au haifai?

Suala hili hatukulizua sisi. Tuliletewa na mume na mke, wapangaji wa vyumba viwili katika nyumba moja ya Kariakoo, wenye watoto wanne. Binti yao mkubwa alikuwa ametokea mchumba, na wageni wa posa walikuwa wakitarajiwa. Mke akasema kwamba ni aibu wageni hao kukuta sebule isiyokuwa na kitu katikati, na kwamba ameona meza nzuri ya marumaru ambayo mwenye duka yu tayari kuwakopesha. Mume akajibu kwa neno moja: haramu. Akasema ni israfu na kibri, na mazungumzo akayafunga. Zikapita siku kadhaa watu wale wawili hawasemezani ila kwa dharura, na binti ambaye mambo yote yalikuwa kwa ajili yake akawa analia peke yake uani. Basi wakatujia, kila mmoja akitaka tumpe haki. Na kwa kuwa nyumba zenye hali kama hiyo ni nyingi, tumeona jibu lao liwe la wote.

Ndugu Waislamu, jambo la kwanza ni kwamba meza hiyo, kwa asili yake, ni halali. Jiwe la marumaru ni katika vitu alivyoviumba Mwenyezi Mungu ardhini, na nchi yetu wenyewe imejaaliwa mawe hayo, kama yale ya Morogoro. Katika Sura ya Al-A'raf Mwenyezi Mungu amewakemea wanaoharamisha pambo alilowatolea waja wake, na katika Sura hiyo hiyo akakataza israfu. Amri hizo mbili zimewekwa jirani ili tusiichukue moja tukaiacha nyingine. Na Mtume (S.A.W.) alipoulizwa juu ya mtu apendaye nguo yake na viatu vyake viwe vizuri, alifahamisha kwamba kupenda uzuri si kibri. Kibri ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Kwa hiyo yule mume aliyesema haramu bila ya dalili alikosea. Kuharamisha si kazi ya mtu aliyekasirika.

Lakini kuwa kitu ni halali si sawa na kuwa kinakufaa. Ndizi ni halali, na yuko mgonjwa ambaye tabibu atamkataza. Anas bin Malik, aliyemtumikia Mtume miaka kumi, amesimulia kwamba Mtume (S.A.W.) hakula juu ya meza iliyoinuliwa, bali chakula chake kiliandaliwa juu ya sufra iliyotandikwa chini. Wanavyuoni hawakuyafahamu maneno hayo kuwa meza imeharamishwa. Waliyafahamu kuwa nyumba yaweza kuwa na heshima kamili na baraka kamili bila ya meza. Na sisi watu wa pwani tuna ushahidi wetu. Wenzetu wa Ulaya meza hizi fupi huziita meza za kahawa. Sisi kahawa tumeinywa tangu zama za babu zetu barazani, muuzaji akipita na dele lake juu ya makaa na vikombe vyake mkononi, na hakuna aliyewahi kusema kwamba kahawa ile ilipungukiwa na kitu.

Kisha tuangalie kusudi la nyumba yenyewe. Katika Sura ya An-Nahl Mwenyezi Mungu ametukumbusha kwamba majumba yetu ameyafanya kuwa mahali pa utulivu, na vyombo vya ndani akavitaja kuwa ni starehe ya muda. Hapa ndipo palipo kipimo chetu. Utulivu wa watu wa nyumba ndio asili, na chombo ni cha kuwahudumia kwa muda, kisha huondoka au wao humwondokea. Chombo kinachozidisha utulivu ni neema. Chombo kinachoupunguza, hata kikiwa kizuri namna gani, kimekwenda kinyume cha kazi yake. Basi mtu apimaye kufaa kwa meza ya marumaru na ajiulize mambo matano.

La kwanza ni mahali. Meza ya kawaida ya namna hii ina urefu wa sentimita 100 na upana wa 60 au zaidi. Pima mahali hapo utaona kwamba ni karibu sawa na mahali pa mswala mmoja. Katika jumba kubwa mswala mmoja si kitu. Lakini wengi wetu tunaoishi Kariakoo, Gerezani, Ilala na Magomeni tunapanga chumba, au chumba na sebule, katika nyumba za Kiswahili zenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku, au katika majengo ya ghorofa yaliyosimama mahali pa nyumba hizo. Chumba cha mita 3 kwa 3 kikishaingia viti na kabati, sakafu inayobaki ndiyo uwanja wa maisha yote. Hapo watoto hufanya kazi za shule, hapo chakula huandaliwa, hapo huswaliwa Alfajiri, na usiku hapo hutandikwa godoro la watoto. Basi usiulize tu kama meza itaingia mlangoni. Uliza usiku godoro litalala wapi. Na hata palipo na nafasi, yafaa kuacha kadiri ya sentimita 45 baina ya kiti na meza, ili mgeni mzee aweze kusimama bila ya kushikwa mkono.

Tutawapa njia nyepesi isiyokuwa na gharama. Kanga moja ina kadiri ya sentimita 150 kwa 110. Ikikunjwa katikati inakuwa kadiri ya 110 kwa 75, nayo inakaribiana na meza nyingi za sebuleni. Itandike kanga hiyo pale mnapokusudia kuweka meza, na muishi siku tatu mkiizunguka bila ya kuikanyaga, mchana na usiku. Nyumba yenyewe itawajibu.

La pili ni watu. Je, nani anaishi humo? Bamba la marumaru la urefu wa sentimita 100, upana wa 60 na unene wa sentimita 2 lina uzito wa kilo 32 hivi, mbali ya miguu yake. Ndoo ya lita 20 iliyojaa maji ni kilo 20. Basi bamba hilo ni ndoo moja na nusu na zaidi, na pembe zake ni za jiwe. Mtoto anayeanza kusimama hushika chochote kilicho mbele yake, na akianguka huanguka kwa kichwa. Bamba lililowekwa tu juu ya miguu bila ya kufungwa laweza kupinduka likamwangukia anayeegemea ukingoni. Na ikiwa kila usiku lazima meza isogezwe, ni nani atakayeisogeza? Mara nyingi ni mama wa nyumba, na huenda ni mjamzito, au ni bibi mwenye kuumwa na mgongo. Sheria yetu haikubali kudhuru wala kudhuriana. Mwenye watoto wadogo, akipenda sana meza hiyo, basi na achague yenye pembe za mviringo na bamba lililofungwa imara, au angoje watoto wake wakue. Kungoja hakumpunguzii mtu heshima.

La tatu ni tabia ya jiwe lenyewe. Wengi hudhani kwamba jiwe halidhuriki. Marumaru ni jiwe la jamii ya chokaa, lililogeuzwa kwa joto na mgandamizo chini ya ardhi. Uzuri wake umetoka huko, na udhaifu wake pia. Waliokwenda Makka wanaijua baridi ya marumaru nyeupe katika uwanja wa Msikiti Mtukufu, iliyoletwa kutoka kisiwa cha Thassos huko Ugiriki, nayo ni rehema kwa miguu ya wanaotufu. Lakini jiwe la chokaa haliwezani na kitu kikali. Tone la ndimu, siki, juisi ya ukwaju, achari, hata soda, likikaa juu yake hula ule mng'aro na kuacha doa lililofifia ambalo kufuta hakuliondoi, mpaka fundi alisugue upya. Tena jiwe hilo lina vinyweleo. Chai, mafuta ya pilau na manjano ya biriani huzama ndani yake.

Sasa ndugu, fikirini sebule zetu wakati wa futari. Ndimu ipo, ukwaju upo, sambusa zina mafuta, na mikono ya watoto iko kila mahali. Mwenye meza hiyo itampasa kupaka dawa ya kuziba vinyweleo kila baada ya muda, kuweka kikeka cha ukindu chini ya kila glasi, kufuta kilichomwagika papo hapo, na kusafisha kwa kitambaa laini na maji yenye sabuni kidogo. Dawa kali za kusafishia choo na asidi yoyote asizisogeze kabisa. Ikiwa kazi hiyo ni nyepesi kwenu, vyema. Lakini ikiwa kila tone litaleta makelele, na mtoto atapigwa kwa sababu ya doa, na mgeni atakunywa maji kwa hofu, basi hapo wenye nyumba wamekuwa watumishi wa meza. Zipo meza za mbao za mninga au mtiki ambazo mafundi wetu wa Keko hutengeneza. Hizo mtu mmoja huzisogeza, na zikichakaa hupigwa msasa na kupakwa upya.

La nne ni mali. Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Furqan amewasifu waja wake kwamba wanapotoa hawapiti kiasi wala hawabani, bali hukaa katikati. Basi fedha za meza zatoka wapi? Zikiwa zimetoka katika akiba, baada ya kodi ya nyumba, ada na chakula, na baada ya haki za wazazi, hapana neno. Mke akinunua kwa fedha zake mwenyewe, hiyo ni mali yake, na mume hana haki ya kumnyang'anya. Lakini ajue mke pia kwamba makazi na vyombo alivyowajibishiwa mume ni kwa kadiri ya uwezo wake. Pambo la jiwe halimo katika wajibu huo.

Ama kukopa, hapo pana hatari. Kununua kwa malipo ya awamu, bei ikiwa ni moja iliyojulikana na kukubaliwa tangu mwanzo, ni jambo moja. Mkopo wa riba ni jambo jingine. Mnaijua ile mikopo ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu, na jina hilo latosha kuwa fatwa. Mmewaona waliochukuliwa vyombo vyao mbele ya majirani kwa kushindwa na marejesho, ikawa aibu waliyoikimbia kwa wageni imewapata mtaani. Na tukumbuke kwamba mali haina ahadi na mtu. Soko Kuu la Kariakoo, lililochorwa na msanifu wetu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lilishika moto usiku wa tarehe 10 Julai 2021, na wafanyabiashara walioondoka jioni wakiwa na bidhaa wakaamka hawana kitu. Deni halikuungua.

La tano ni nia, nayo haionwi na mtu ila Mola wako na wewe mwenyewe. Mtume (S.A.W.) amefahamisha kwamba katika nyumba kuna tandiko la mume, na la mke, na la tatu la mgeni, na la nne akalinasibisha na Shetani. Wanavyuoni wakaeleza kwamba makusudio yake ni kile kinachozidi haja na kuwekwa kwa fahari. Tazama, mgeni amewekewa sehemu yake. Kumtayarishia mgeni ni ibada. Lakini baina ya kumtayarishia mgeni na kujionyesha kwa mgeni kuna tofauti, na tofauti hiyo waijua moyoni mwako. Jiulize: Lau hakuna hata mtu mmoja atakayeiona meza hii ila sisi wa humu ndani, je, tungeinunua? Ukijibu ndiyo, basi waipenda kwa uzuri wake. Ukijibu hapana, basi wanunua macho ya watu, na macho ya watu hayashibi. Mwaka ujao yatataka pazia.

Ndugu Waislamu, hatuwezi kuzungumza na wanunuzi tukawaacha wauzaji. Katika mji wetu neno marumaru limekuwa jina la vitu vingi. Liko jiwe la kweli. Liko bamba la unga wa mawe uliogandishwa kwa gundi. Iko mbao ya kubandikwa yenye karatasi iliyochapwa mishipa ya jiwe, na viko vigae. Kila kimoja ni halali kuuzwa kwa jina lake na kwa bei yake. Lakini kuuza karatasi kwa jina la jiwe ni ghushi, na mnakijua kisa cha Mtume (S.A.W.) alipotia mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta umajimaji umefichwa chini, akamkana mwenye kughushi. Mnunuzi naye asiwe kipofu. Na atazame ukingo na upande wa chini, kwani mishipa ya jiwe la kweli hupita mwilini mwake na haiishii usoni. Na aliguse, kwani jiwe lina baridi. Na ajaribu kuliinua, kwani uzito haughushiki kwa urahisi. Na akishanunua asimdhulumu mchukuzi. Yule kijana wa mkokoteni au guta atakayelipeleka jiwe hilo mpaka ghorofa ya nne apatane naye ujira kabla hajaanza, kwa kuutaja uzito na kuzitaja ngazi, kisha amlipe pale pale.

Ama wale mume na mke, tuliwaambia waitandike ile kanga. Usiku wa kwanza tu godoro la watoto likakosa mahali, na mke mwenyewe ndiye aliyesema kwamba meza ile haitaingia. Lakini siku ya tatu mume naye aliona alilokuwa halioni. Alimwona mkewe akiwaandalia majirani chai, akiinama mpaka sakafuni kwa kila kikombe, na hapana pa kuweka birika ila chini, karibu na miguu ya watoto. Akajua kwamba haja ya mkewe ilikuwa ya kweli, ingawa jiwe halikuwa dawa yake. Akamtaka radhi kwa lile neno la haramu. Wakanunua meza ndogo ya mbao kwa fedha walizokuwa nazo, nyepesi, inayoegemezwa ukutani usiku. Wageni wakaja, wakanywa chai yao, na mazungumzo yakawa juu ya watoto wao, kama ilivyopasa.

Na wako ambao jibu lao litakuwa kinyume cha hilo. Mtu mwenye sebule pana, watoto wake wamekua, fedha yake ni ya halali na iko mkononi, naye hupenda jiwe zuri na anao wakati wa kulitunza, huyo na anunue, amshukuru Mola wake, na awakaribishe jirani zake waketi waizunguke. Asifungue mdomo kumdharau mwenye mkeka. Na mwenye mkeka asimdhanie vibaya mwenye marumaru.

Ewe Mola wetu, zifanye nyumba zetu kuwa mahali pa utulivu, na utukinaishe na ulichoturuzuku, na utulinde na deni na riba, na utie mapenzi baina ya waume na wake, na uwahifadhi watoto wetu. Warehemu waliotutangulia, waliotuachia nyumba na vyombo ambavyo sasa tunavitumia sisi.

Tunasema haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yetu, na yenu, na Waislamu wote. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.